Mgogoro kazini: kunyamaza, kumkabili mhusika, kumwita mpatanishi au kuandika malalamiko

Mfanyakazi Mkristo aliyekosana na mwenzake au na msimamizi wake kwa kawaida hupata mashauri mawili kabla ya juma kwisha. Kwenye ushirika wa Jumatano ataambiwa amwachie Mungu, na kwenye kibanda cha chapati karibu na lango la kazini ataambiwa asikubali kuonewa, aende kwa afisa wa kazi. Pande zote mbili zinaweza kumtajia aya, na zote mbili zinaweza kuwa zimekosea, kwa sababu hakuna aliyemuuliza kwanza kosa lenyewe ni la namna gani. Nimefanya kazi ya uwakala wa forodha hapa Malaba, upande wa Uganda, kwa muda wa kutosha kuziona zikijaribiwa njia zote nne zinazolinganishwa hapa, nyingine kwa mikono yangu na vibaya, na sijaona iliyo ya Kikristo kuliko nyingine. Maandiko yana mifano ya kila moja. Kinachotofautiana ni nani anayelipa gharama yake.

Mambo ya kupima kabla ya kuchagua

La kwanza ni kama umeudhiwa au umedhulumiwa. Mwenzako asiyejibu salamu, anayekukatiza kwenye kikao au anayekula chakula chako kwenye jokofu la ofisi amekuudhi. Anayekukata mshahara kwa kosa lisilo lako, anayekushika mwili bila ridhaa yako au anayekulazimisha kutia saini hati ya uongo amekudhulumu. La pili ni nani mwingine anaumia wewe ukinyamaza, kwa maana kuvumilia maumivu yako mwenyewe ni haki yako, lakini hakuna aliyekupa ruhusa ya kuvumilia kwa niaba ya mwingine. La tatu ni tofauti ya madaraka: je, unayegombana naye anaweza kukufukuza? La nne ni ushahidi ulio mkononi, nao ni tofauti na uhakika ulio moyoni. La tano ni muda, na hili watu wa imani hulisahau kuliko yote. Chini ya Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006, aliyefukuzwa kazi isivyo haki anatakiwa kupeleka lalamiko kwa afisa wa kazi ndani ya miezi 3 tangu siku ya kufukuzwa, na akichelewa itambidi aeleze sababu za kuridhisha. Miezi mitatu huisha upesi sana kwa mtu ambaye bado anasubiri ishara.

Kila njia hapa chini nimeipima kwa maswali yaleyale: ina mizizi gani katika imani, inadai ujasiri wa aina gani, inagharimu nini na inamfaa nani. Njia ya pili nimeikalia zaidi, kwa kuwa ndiyo inayozungumzwa sana na kufanywa mara chache.

Kunyamaza na kuvumilia

Mithali huhesabu kuwa ni fahari ya mtu kusamehe kosa, na Paulo aliwaandikia Warumi kwamba waishi kwa amani na watu wote, akiongeza kwa uangalifu maneno ya kuonyesha kwamba jambo hilo haliko mikononi mwa upande mmoja peke yake. Yesu hakumjibu Herode neno. Lakini ndani ya saa chache za mateso yaleyale, alipopigwa kofi mbele ya kuhani mkuu, alimuuliza aliyempiga amtajie ubaya aliousema, na kama hakusema ubaya, mbona anampiga. Mtu anayetumia kimya cha Yesu kama kanuni ya kila siku ya ofisi anapaswa kulieleza na swali lile.

Ujasiri wa njia hii ni wa ulimi. Ukinyamaza mbele ya mhusika, kisha ukayasimulia yote kwenye kikomando, yaani chapati na maharage, cha saa saba mchana, huwezi kusema kwamba unavumilia. Kesi unaiendesha, ila mshtakiwa hajaitwa. Gharama yake ni nafuu iwapo kosa ni dogo na linakugusa wewe tu, na huwa kubwa mno iwapo mkosaji anakichukulia kimya chako kuwa ni kibali.

Nilimfahamu mama mmoja wa masijala ambaye kwa karibu miezi miwili alimvumilia kijana aliyekuwa akimjibu kwa dharau mbele ya madereva. Nilipomuuliza kwa nini hasemi, hakunitajia aya hata moja. Alisema mkataba wa kijana yule unakwisha mwisho wa mwezi ujao, na kwamba ana watoto wawili wa kulipiwa karo, hivyo nguvu zake ana pa kuzipeleka. Hicho kilikuwa kimya kilichopigiwa hesabu. Njia hii inamfaa aliyeudhiwa bila kudhulumiwa, ambaye anaweza kulala usiku, na ambaye kimya chake hakimwachi mwenzake mikononi mwa mkosaji huyohuyo. Haimfai anayenyamaza kwa woga, na dalili ya woga, kwa nilivyojiona mwenyewe, ni haraka ya kutafuta aya.

Kumkabili mhusika faraghani

Hii ndiyo hatua ya kwanza katika Mathayo 18: ndugu akikukosea, nenda ukamwonye, wewe na yeye peke yenu. Wengi huisoma sehemu hiyo kana kwamba ina hatua moja tu, ingawa aya zinazofuata zinaongeza shahidi mmoja au wawili, kisha kusanyiko zima, yaani njia tatu kati ya nne za makala hii zimo mle ndani kwa mfuatano. Ni vizuri kukumbuka pia kwamba maneno yale yanamhusu ndugu, mtu mnayeshiriki naye imani, wala hayakutolewa kama utaratibu wa kushughulikia uhalifu.

Ujasiri unaodaiwa hapa ni mkubwa kuliko wa kuandika barua, kwa sababu barua haikutazami usoni. Mwaka mmoja msimamizi wangu, ambaye ofisi nzima tulimwita Mzee, alinielekeza kwa ujumbe wa simu niweke thamani fulani kwenye hati ya mzigo wa vipuri. Thamani haikuwa sahihi, faini ikatozwa, na katika kundi la WhatsApp la ofisi akaandika kwamba kijana alikosea. Makato yakaanza kwenye mshahara wangu mwezi uleule. Nilikaa siku tisa nikijiambia kwamba ninaomba, ingawa kusema kweli nilikuwa nikitunga maneno ya kumchoma. Jumamosi moja alasiri, foleni ya malori ilipopungua, nilimkuta peke yake akipanga mihuri kwenye droo.

“Mzee, naomba dakika kumi,” nikasema. “Ni jambo letu wawili, sijalipeleka popote.”

Nilianza na kosa langu: kwamba niliona thamani ile haikubaliani na ankara, na bado nikaijaza. Kisha nikaweka mezani karatasi mbili, nakala ya ujumbe wake na nakala ya hati, bila kuzisoma kwa sauti. Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa, akaivua tena. Halafu akaniuliza, “Mbona siku ile hukunijia?” Sikuwa na jibu.

Jumatatu alimweleza mkurugenzi ukweli na makato yakasimama. Fedha zilizokwisha kukatwa hazikurudi, na ujumbe wa kwenye kundi haukusahihishwa kamwe. Kwa muda mrefu nilimlaumu kwa hayo mawili, mpaka nilipotambua kwamba sikuwa nimeyaomba. Nilikwenda kueleza nilivyoumia, nikaelezea, nikaondoka. Anayekwenda kumkabili mtu na ajue kabla ya kuketi anataka nini kifanyike, nani akifanye na kufikia lini.

Kuanza na kosa lako mwenyewe si hila ya mazungumzo. Katika nchi hii desturi hiyo ina mizizi mirefu, kwa sababu uamsho ulioenea Uganda kuanzia miaka ya 1930, ambao wafuasi wake ndio tunaowaita Balokole, uliwafundisha watu kutembea nuruni, yaani kuungama waziwazi makosa yao kabla ya kugusa ya wengine. Desturi hiyohiyo ina upande wake mgumu: nimeona mlokole akimwonya mkuu wake mbele ya wafanyakazi kwa jina la nuru, na kilichofuata kilikuwa fedheha isiyozaa toba. Nathani alimwendea Daudi kwa kisa cha mwana-kondoo wa maskini, akamwacha mfalme atoe hukumu kwa kinywa chake mwenyewe, na naona kuna somo hapo kwa kila anayemkabili aliye juu yake.

Gharama ya njia hii ni kwamba unafunua karata zako kabla ya wakati. Msimamizi asiye mwema, akishajua una ujumbe wake, anaweza kuanza kutengeneza faili lako. Kwa hiyo nakala zihifadhiwe nje ya simu ya ofisi kabla ya mazungumzo. Inawafaa watu wa ngazi moja, au msimamizi ambaye kwa tabia yake umeshamwona akikubali kosa. Haifai hata kidogo kwa aliyesumbuliwa kingono. Kumtuma mwanamke akaketi peke yake chumbani na mtu aliyemshika bila ridhaa, kwa sababu ya Mathayo 18, ni kuyatumia maneno ya Yesu kumrudisha mahali pa hatari.

Kumwita mpatanishi

Waraka wa Paulo kwa Filemoni ni upatanishi wa mtumwa na bwana wake. Paulo alimwandikia Filemoni kuhusu Onesimo, akamwomba ampokee kama ndugu, na hakuishia kwenye maneno mazuri: aliahidi kwamba kama Onesimo amemdhulumu au anadaiwa kitu, kiandikwe juu yake yeye Paulo, naye atalipa. Ni wapatanishi wachache wa siku hizi wanaofika na kalamu ya kuandika deni.

Ujasiri wa njia hii ni wa kukubali kwamba mambo yamekushinda, na kwamba mtu wa tatu atakusikia ukijieleza vibaya. Mpatanishi anayefaa ni yule ambaye pande zote zinamheshimu na hakuna upande unaomlisha: mfanyakazi mwandamizi wa idara nyingine, mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, mchungaji asiye jamaa wa mmoja wenu. Hapa mpakani kuna jambo moja la ziada. Ofisi moja huweza kuwa na Mteso, Mjopadhola, Msamia, Muganda na Mkenya aliyevuka asubuhi kwa miguu, na mpatanishi akianza kumtuliza mmoja kwa lugha ya kwao, mwingine huhesabu kwamba ameshashindwa. Mazungumzo yafanyike kwa Kiswahili, hata kama kila mmoja anakizungumza kwa kuchechemea, kwa kuwa angalau wote wanachechemea pamoja.

Gharama zake ni mbili. Kwanza ni siri: jambo likipelekwa kwenye ushirika kama ombi la maombi, kabla ya Jumapili limefika sokoni likiwa na majina kamili. Pili ni kusamehewa kwa haraka. Nimehudhuria kikao ambacho mchungaji aliwashikanisha watu mikono na kuomba kwa machozi, ilhali mshahara uliozuiliwa haukutajwa hata katika maombi. Aliye mnyonge ndiye huombwa kusamehe kwanza, naye akiuliza habari za fedha zake huonekana amerudi nyuma kiroho. Ukimwita mpatanishi, mwombe aandike mlichokubaliana katika karatasi moja yenye tarehe na saini zenu. Njia hii inawafaa walioshindwa kuzungumza wawili lakini watakaoendelea kuketi meza moja, na inafaa sana pale ambapo kila mmoja ana sehemu ya kosa.

Kuandika malalamiko rasmi

Kikwazo cha kwanza kwa Mkristo ni Wakorintho wa Kwanza, sura ya 6, ambapo Paulo anawakemea waumini kwa kushtakiana mbele ya wasioamini. Kikwazo hicho ni halali, lakini kimewekewa uzito usio wake. Paulo huyohuyo, alipoona hatapata haki, alikata rufani kwa Kaisari. Na kule Filipi, alipopigwa bila kuhukumiwa ilhali ni raia wa Rumi, alikataa kutolewa gerezani kwa siri, akataka wakuu wenyewe waje wamtoe. Kampuni si ndugu yako katika ushirika. Kudai utaratibu uliowekwa na sheria hakumvunjii mtu heshima.

Uganda ina mfano wake. Mwezi wa Februari 1977, baada ya askari kuipekua usiku nyumba ya Askofu Mkuu Janani Luwum, maaskofu wa Kanisa la Uganda walimwandikia Idi Amin waraka wa kupinga mauaji na uonevu wa vyombo vyake. Luwum aliuawa tarehe 16 mwezi huohuo, na tangu 2015 siku hiyo ni ya mapumziko ya kitaifa. Kinachonivutia, mbali na kifo chake, ni namna walivyofanya: walikaa pamoja, wakaandika, wakampelekea mhusika. Basi nikiri pia kwamba si kila bosi mkali ni Amin, na mtu anayejiona Luwum kwa sababu amenyimwa likizo ya Ijumaa apumzike kwanza.

Sheria inampa mfanyakazi zaidi ya anavyodhani. Kabla ya kumfukuza mtu kwa utovu wa nidhamu au utendaji mbovu, mwajiri anatakiwa kumweleza sababu kwa lugha anayoweza kuielewa, na mfanyakazi ana haki ya kuwa na mtu mwingine aliyemchagua kwenye kikao hicho. Makato ambayo mwajiri anaruhusiwa kuyafanya kwenye mshahara yametajwa katika sheria hiyohiyo, hivyo mwenye shaka anaweza kuuliza yake yanaangukia wapi. Mwajiri mwenye wafanyakazi zaidi ya 25 analazimika kuwa na hatua za kuzuia usumbufu wa kingono, na kanuni za mwaka 2012 zinaeleza zaidi. Ndani ya kampuni lalamiko huanzia kwa ofisi ya rasilimali watu au mkurugenzi. Likishindikana hupelekwa kwa afisa wa kazi wa wilaya, na rufani dhidi ya uamuzi wake husikilizwa na Mahakama ya Viwanda. Palipo na ufisadi, Sheria ya Ulinzi wa Watoa Taarifa ya mwaka 2010 humlinda anayetoa taarifa kwa nia njema kwa mamlaka zilizotajwa humo, mojawapo ikiwa ofisi ya Mkaguzi Mkuu wa Serikali (IGG).

Ujasiri wake ni wa kudumu, maana barua ya siku moja hufuatwa na miezi ya kungoja na ya kutazamwa kwa jicho la pembeni. Gharama ni uhusiano, ambao mara nyingi haurudi, pamoja na nauli na siku za kazi zinazopotea. Inamfaa aliyedhulumiwa, mwenye ushahidi, ambaye wengine wanaumia pamoja naye au ambaye mkosaji wake ameshaonywa akacheka. Haimfai anayetaka kuombwa radhi kwa moyo, kwa sababu hakuna mahakama itoayo hiyo.

Na kuondoka je?

Ibrahimu na Lutu walitengana kwa sababu ya ugomvi wa wachungaji wao. Paulo na Barnaba walitengana kwa sababu ya Marko, na kazi ikaendelea pande zote mbili. Kuondoka kunahitaji tu kusiwe kutoroka. Sheria inadai notisi ya angalau majuma 2 kwa aliyefanya kazi zaidi ya miezi 6 lakini hajatimiza mwaka, mwezi 1 kwa aliyefikisha mwaka, miezi 2 kuanzia miaka 5 na miezi 3 kuanzia miaka 10. Omba cheti cha utumishi. Ukikiomba, mwajiri anawajibika kukupa.

Kulingana na hali yako

Ikiwa ni dharau ndogo ya mtu wa ngazi yako, na hakuna mwingine anayeumia, jipe majuma mawili ya kimya cha kweli, bila kusimulia. Likiwa bado linakuamsha usiku baada ya hapo, nenda kwake ukiwa na ombi moja linalotekelezeka.

Ikiwa ni msimamizi aliyekubebesha kosa lake, amua kwanza kama ni mtu wa kuambiwa. Kama ndiye, nenda mapema kuliko nilivyokwenda mimi. Kama siye, mtafute mwandamizi mmoja anayeaminika kabla ya kuandika, kisha andika.

Ikiwa umefukuzwa tayari, upatanisho na lalamiko vinaweza kwenda pamoja, lakini hesabu ya miezi mitatu isimamishwe na lalamiko, sio na ahadi ya kikao cha wazee. Ikiwa umeguswa mwili au umetishiwa, usianzie faraghani. Mwambie mtu mmoja unayemwamini leo, andikeni pamoja, mpeleke pamoja.

Ikiwa mliogombana mnasali kanisa moja na mnafanya kazi ofisi moja, mpatanishi atoke nje ya vyote viwili, hata kama itabidi asafiri kutoka Tororo au Mbale kwa nauli yenu.

Na ikiwa hujaamua, nunua daftari dogo, uandike tarehe, saa, maneno yaliyosemwa na waliokuwepo, kwa sababu njia zote nne zitakudai hayo, hata ile ya kunyamaza, siku utakapotaka kujua kama mambo yamepungua au yamezidi. Daftari hilo likae nyumbani, lisikae kwenye droo ya ofisi.